Kalamu Mbili, Hadithi Moja: Mwandishi na Mchoraji katika Kibonzo cha Kisayansi

Utangulizi

Walimu wengi wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kumwuliza mwanafunzi swali moja kabla ya mengine yote: mtunzi ni nani? Swali hili ni jepesi tunaposoma riwaya au tamthilia, kwa kuwa jina liko kwenye jalada na kwa kawaida ni la mtu mmoja. Hata hivyo, uko utanzu ambao wanafunzi wetu huusoma kwa hiari yao, bila kusukumwa na mtihani, na ambao hulifanya swali hilo kuwa gumu. Utanzu huo ni kibonzo, hasa kibonzo cha bunilizi ya kisayansi. Aghalabu kazi ya aina hii hutungwa na watu wawili, mmoja akishika kalamu ya maneno na mwingine kalamu ya picha.

Makala hii inanuia kueleza jinsi watu hawa wawili wanavyoshirikiana, mahali wanapokosana, na namna mwalimu na mtahiniwa wanavyoweza kuihakiki kazi yao kwa istilahi zile zile za fasihi tulizozizoea. Hoja yetu kuu ni kwamba katika kibonzo cha kisayansi mchoraji hapambi tu kazi ya mwandishi. Yeye ni mtunzi mwenza. Naandika nikiwa Ntimaru, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Nakiri mapema kuwa hoja hii sikuipata vitabuni kwanza. Niliipata kwa kukosea mbele ya wanafunzi wangu, kama nitakavyosimulia.

Maana ya istilahi

Kibonzo ni hadithi inayosimuliwa kwa mfululizo wa picha zilizopangwa kwa utaratibu maalum, mara nyingi pamoja na maneno. Wengine hukiita katuni au hadithi ya picha. Ni vyema kukitofautisha na kibonzo kimoja cha mzaha cha gazetini, ambacho huwa na picha moja tu na hakina msuko.

Ili kuhakiki kibonzo tunahitaji istilahi chache. Kisanduku ni fremu moja ya picha. Kiputo ni umbo la duara linalobeba usemi wa mhusika. Maelezo ni maneno ya msimulizi yanayowekwa juu au chini ya kisanduku. Mwanya ni nafasi tupu iliyopo baina ya kisanduku na kisanduku. Mwanya ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwani hapo ndipo msomaji hujijazia lile ambalo halikuchorwa wala kuandikwa. Mhusika akiinua rungu katika kisanduku cha kwanza, na katika cha pili tukaona kofia iliyoanguka chini, pigo lenyewe limetokea mwanyani, akilini mwa msomaji.

Bunilizi ya kisayansi nayo ni kazi ya kubuni ambayo ulimwengu wake umejengwa juu ya jambo la kisayansi ambalo halijatokea au halijawezekana: safari za sayari nyingine, mashine zinazofikiri, kusafiri katika wakati na kadhalika. Isichanganywe na hekaya au visasili, ambamo mambo ya ajabu hutendwa na majini, mizimu au miungu. Katika bunilizi ya kisayansi jambo la ajabu hupewa sababu inayofanana na ya kisayansi, hata kama sababu yenyewe ni ya kubuni.

Bunilizi ya kisayansi si ngeni kwetu

Wapo wanaodai kuwa bunilizi ya kisayansi ni fasihi ya Wazungu. Dai hili halina mashiko. Katama Mkangi, mzaliwa wa Pwani ya Kenya aliyefariki mwaka 2004, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha kurushwa angani. Badala ya kuangamia, anafika katika ulimwengu wenye usawa uitwao Walenisi, jina ambalo mwandishi ameliunda kutokana na maneno “wale ni sisi”. Hapa safari ya angani ni mbinu ya kuikosoa jamii iliyomhukumu Dzombo. Katika filamu, Wanuri Kahiu, Mkenya, alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi kuhusu dunia iliyokauka baada ya watu kupigania maji.

Tuitazame Walenisi kwa jicho la mchoraji. Mwandishi wa riwaya akisema kuwa mhusika aliingizwa ndani ya chombo cha angani, neno “chombo” linamtosha. Kila msomaji atakiona chombo chake: mmoja ataona kitu kama pipa, mwingine kitu kama ndege, mwingine kitu kama kaburi. Riwaya haipungukiwi na chochote kwa tofauti hizo. Mchoraji hana uhuru huo. Sharti aamue kama chombo kina dirisha au hakina, kama mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje, kama kiti kimetengenezwa ili mtu akae au ili afungwe. Kila uamuzi wa aina hiyo ni uamuzi wa kimaudhui. Chombo kisicho na dirisha kinatuambia kuwa waliokitengeneza hawakutaka mfungwa aione hata dunia inayomtupa. Neno hilo halikuandikwa popote. Mchoraji ndiye aliyelisema.

Hii ndiyo sababu nasema kibonzo cha kisayansi humfanya mchoraji kuwa mtunzi zaidi kuliko kibonzo cha maisha ya kawaida. Anayechora soko la Ntimaru anaweza kwenda sokoni akatazama. Anayechora soko la sayari nyingine hana pa kwenda kutazama. Mwandishi ametaja na mchoraji lazima aumbe.

Namna nne za ushirikiano

Tukichunguza vibonzo vilivyoandikwa hapa kwetu na kwingineko duniani, tunaweza kutambua namna nne ambazo maneno na picha hukutana.

(a) Mtu mmoja kufanya yote mawili

Hapa hakuna ushirikiano, lakini ni vizuri kuanza hapa ili tuone tofauti. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeishi na kufanya kazi Nairobi hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2012, alibuni kibonzo cha Akokhan, chenye shujaa mwenye nguvu zipitazo za binadamu na uhasama wa tangu kale. Aliandika na kuchora mwenyewe. Godfrey Mwampembwa, Mtanzania anayefahamika zaidi kama Gado, naye alitoa Abunuwasi kwa Kiswahili mwaka 1996 kupitia kampuni ya Sasa Sema ya Nairobi. Katika kazi kama hizi swali la mtunzi halina utata. Faida yake ni umoja wa maono. Hasara yake ni kuwa hakuna wa kumwambia mtunzi kuwa hapa picha imeshasema na maneno ni ziada.

(b) Wawili kutembea sako kwa bako

Mfano maarufu katika bunilizi ya kisayansi ni wa Wafaransa wawili, Pierre Christin aliyekuwa mwandishi na Jean-Claude Mézières aliyekuwa mchoraji. Walikutana wakiwa watoto ndani ya handaki la kujikinga na mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katikati ya miaka ya 1960 walikutana tena nchini Marekani. Christin alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Utah, na Mézières alikuwa amekwenda kutafuta kazi ya kuchunga ng'ombe mashambani. Huko ndiko walikoanza kutunga pamoja. Mwaka 1967 kibonzo chao, Valérian, kilianza kutoka katika jarida la Pilote. Valérian ni wakala wa karne ya 28 anayesafiri katika anga na wakati. Msaidizi wake Laureline ni msichana wa Ufaransa ya karne ya 11.

Kazi hii inafunza mambo mawili. Kwanza, ushirikiano wao ulidumu zaidi ya miaka 40 kwa sababu kila mmoja alimwachia mwenzake nafasi. Christin aliwaza siasa na jamii za sayari mbalimbali, Mézières akazipa sura, mavazi, vyombo na wanyama. Rangi zilitiwa na Évelyne Tranlé, dada yake Mézières, kwa hivyo hata “wawili” hao kwa kweli walikuwa watatu. Pili, Laureline alikusudiwa kutokea katika hadithi ya kwanza pekee, lakini wasomaji walimpenda naye akabaki. Mwaka 2007 mfululizo huo ukabadilishwa jina na kuitwa Valérian et Laureline. Hata mhusika anaweza kungoja miaka 40 kabla ya jina lake kuandikwa jaladani.

Hapa Kenya mfano wa karibu, ingawa si wa kisayansi, ni jarida la Joe lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst. Ng'weno alikuwa mwanahabari aliyesomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hirst alikuwa mchoraji na mwalimu wa sanaa aliyetoka Uingereza. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida anayecheka ili asilie. Mwandishi alimpa Joe ulimi na mchoraji akampa uso, na ni vigumu kusema ni kipi kati ya viwili hivyo kilichowafanya wasomaji wamtambue mtaani.

(c) Picha kutangulia na maneno kufuata

Namna ya tatu ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa zaidi. Nchini Marekani katika miaka ya 1960, Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walitunga vibonzo vingi vya kampuni ya Marvel kwa utaratibu usio wa kawaida. Lee alitoa kiini cha hadithi kwa ufupi, wakati mwingine kwa mazungumzo tu. Kirby alikwenda kuchora kurasa zote, akiamua mwenyewe nani afanye nini katika kisanduku kipi. Kisha Lee alijaza viputo.

Mwaka 1966, katika kisa cha jitu la angani linalokula sayari, Kirby alirudisha kurasa zikiwa na mhusika ambaye Lee hakuwahi kumtaja: mtu wa rangi ya fedha anayepaa angani juu ya ubao. Kirby alikuwa ameona kwamba jitu kama hilo lingehitaji tarishi wa kulitangulia. Lee alimpokea mhusika huyo na kumpa lugha ya mwanafalsafa mwenye huzuni. Sasa, mwanafunzi wangu, niambie: mhusika huyo ni wa nani? Aliyemwona kwanza ni mchoraji. Aliyemtia maneno kinywani ni mwandishi. Ukimwondoa mmoja wao, hayupo.

Mwaka huo huo wa 1966 wawili hao walimbuni Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Kiafrika yenye sayansi iliyowapita walimwengu wote. Wengi wetu tuliijua Wakanda kupitia filamu ya mwaka 2018, aliyoigiza Mkenya Lupita Nyong'o na iliyoonyeshwa Kisumu mwezi Februari mwaka huo. Lakini kwa miaka mingi jina lililovuma ni la Lee. Kirby aliondoka Marvel mwaka 1970, akarudi kwa muda katikati ya mwongo huo, na kufariki mwaka 1994. Warithi wake waliendeleza madai mahakamani hadi walipopatana na kampuni hiyo mwaka 2014, miaka 20 baada ya kifo chake. Waswahili husema haki haizami, lakini inaweza kuchelewa hadi mwenyewe asiione.

(d) Kundi zima

Namna ya nne ni ya kikundi. Kibonzo cha Shujaaz, kilichoanza kutolewa Kenya mwaka 2010 kwa Sheng na kugawiwa bila malipo, kina wahusika kadhaa. Anayejulikana zaidi ni Boyie, kijana aliyemaliza shule na kuendesha redio ya siri kutoka chumbani mwake. Waandishi na wachoraji mbalimbali walihusika, na hadithi ya kila mhusika ilikuwa na mtindo wake wa kuchorwa. Redio ya siri ya Boyie si bunilizi ya kisayansi hasa, lakini inatukumbusha kuwa kijana wa Kiafrika na mashine yake ni maudhui yanayowagusa vijana wetu. Hatari ya namna hii ni kuwa majina yakiwa mengi, msomaji hutaja la kampuni na kuyasahau ya watu.

Kisa cha darasani

Sasa nisimulie kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimkamata mvulana wa Kidato cha Pili akiandika nyuma ya daftari wakati wa somo la insha, huku msichana wa dawati la pili akingoja daftari hilo kwa hamu. Nililichukua. Jioni nilipolifungua nilikuta kibonzo cha kurasa sita. Mvulana alikuwa ameandika maneno na msichana amechora.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwaka 2090. Wafugaji wa huku kwetu wamepachika jicho dogo la mashine katika pembe ya kila ng'ombe. Jicho hilo huona na kuhifadhi kila kitu, na mwizi wa mifugo hawezi kujificha. Usiku mmoja ng'ombe wa akina Mwita wanaibwa na macho yote yanakutwa yamezibwa kwa tope. Ni nani aliyejua mahali pa kuziba? Wanaoishi mpakani hawahitaji kuelezwa uzito wa swali hilo. Wizi wa mifugo si mchezo huku, na mara nyingi mwizi huwa na mtu wa ndani.

Katika kisanduku cha pili cha ukurasa wa kwanza, baba mdogo wa Mwita ameketi akila ugali. Amevaa akala, na cha kushoto kimefungwa kwa waya. Maneno hayasemi chochote kuhusu akala hizo. Katika ukurasa wa tatu, maelezo ya mvulana ni haya: “Walikuja usiku. Hakuna aliyewatambua.” Lakini picha inaonyesha mguu mmoja tu ukikanyaga tope, na akala yake imefungwa kwa waya.

Niligundua baadaye kwamba hilo ndilo lililokuwa likiwagombanisha. Mvulana alilalamika kuwa siri yake imeharibiwa, kwani alitaka mwizi ajulikane ukurasa wa mwisho. Msichana alimjibu kuwa yeye ameandika “usiku” tu, na usiku hauchoreki, lazima achore kitu. Wanafunzi hao wa Kidato cha Pili walikuwa wakijadili taharuki na kinaya bila kuyajua majina yake, nami nilikuwa nimelichukua daftari.

Nilipendezwa na kazi hiyo. Nikazibandika kurasa zake kwenye ubao wa nyuma wa darasa, na juu yake nikaandika: “Hadithi ya” fulani, jina la mvulana. Baada ya siku mbili msichana alinijia akasema, “Mwalimu, naomba picha zangu.” Nilimweleza kuwa hadithi ni ya mwenzake, na yeye amempambia tu. Hakubishana nami. Asubuhi iliyofuata kurasa zilikuwa pale pale ubaoni, lakini kila kisanduku kilikuwa kimekatwa kwa wembe. Yalibaki matundu, na chini ya kila tundu maneno. “Walikuja usiku. Hakuna aliyewatambua.” Wanafunzi walisoma, wakapita. Mvulana mwenyewe alisimama pale kwa muda, kisha akaniambia, “Mwalimu, hadithi imekwisha.”

Sikumwadhibu msichana. Nilichokiona ubaoni kilikuwa jibu la swali langu la siku zote: mtunzi ni nani? Nilimwomba radhi, naye akaipokea kwa adabu. Lakini hadi alipomaliza Kidato cha Nne hakuchora tena hata karatasi moja katika somo langu.

Kuhakiki kibonzo: vipengele vya kuzingatia

Kisa hiki kinatusaidia kuona jinsi istilahi tunazozitumia katika uhakiki wa riwaya na tamthilia zinavyofanya kazi katika kibonzo.

(i) Taharuki. Mvulana alitaka taharuki ya “ni nani?” Picha ya msichana iliigeuza ikawa taharuki ya “Mwita atajua lini?” Msomaji makini anamjua mwizi mapema, naye anamwona Mwita akila naye sahani moja. Taharuki hii ya pili ni kali zaidi, nayo haikutoka kwa mwandishi.

(ii) Kinaya. Maneno yanasema hakuna aliyewatambua ilhali picha inamfanya msomaji atambue. Kinaya hiki hakimo katika maneno peke yake wala katika picha peke yake. Kimo baina ya vyote viwili. Mtahiniwa anayehakiki kibonzo ajiulize kila mara: je, picha inakubaliana na maneno, inayaongezea, au inayapinga?

(iii) Mandhari. Katika bunilizi ya kisayansi mandhari hubeba maudhui. Msichana aliuchora mwaka 2090 wenye jicho la mashine katika pembe ya ng'ombe, lakini mzee bado amevaa akala ya kufungwa kwa waya. Sayansi imeendelea na umaskini umebaki. Dhamira hiyo nzito haikuwa katika sentensi yoyote.

(iv) Ishara. Akala ni ishara ya usaliti wa ndani. Jicho lililozibwa tope ni ishara ya jamii inayojua ukweli na kuufunika. Moja imetoka kwa mchoraji na nyingine kwa mwandishi.

(v) Usimulizi. Maelezo ni sauti ya msimulizi. Lakini pembe ya kutazamia ya picha nayo ni msimulizi: je, tunatazama kutoka juu kama ndege, au kutoka chini kama ng'ombe aliyelala? Katika kibonzo kuna wasimulizi wawili, na mmoja wao anaweza kudanganya.

(vi) Mwanya. Wizi wenyewe haukuchorwa. Kisanduku kimoja kina mguu, kinachofuata kina zizi tupu. Wizi umetokea mwanyani. Mtahiniwa aonyeshe alichojijazia mwenyewe, na kwa ushahidi gani.

Faida kwa mwalimu na mtahiniwa

Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: haya yote yatamfaa nini mtahiniwa, maadamu karatasi ya fasihi, 102/3, haitahini kibonzo? Jibu ni kwamba karatasi hiyo inatahini taharuki, kinaya, ishara, mandhari na usimulizi, na wanafunzi wengi huzitaja istilahi hizi kama orodha tu bila kuonyesha zinavyofanya kazi. Mwanafunzi aliyekiona kinaya kwa macho, maneno yakisema hivi na picha vile, hatakisahau atakapokutana nacho katika tamthilia. Aidha, Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 unasisitiza ubunifu na ushirikiano. Kibonzo ni kazi inayodai yote mawili kwa gharama ya karatasi na penseli.

Napendekeza utaratibu ufuatao kwa vipindi vitatu:

1. Kipindi cha kwanza: wanafunzi wakae wawili wawili, mwandishi na mchoraji. Mwandishi aandike aya moja ya bunilizi ya kisayansi yenye jambo moja tu lisilowezekana leo. Mambo mengi ya ajabu huifanya hadithi ipoteze mwelekeo.

2. Kipindi cha pili: mchoraji agawe aya hiyo katika visanduku visivyozidi vinane, bila kumwuliza mwandishi. Kisha mwandishi azitazame picha na kufuta kila neno ambalo picha imeshalisema. Zoezi hili la kufuta ndilo gumu na ndilo lenye mafunzo zaidi.

3. Kipindi cha tatu: wabadilishane kazi. Mchoraji achore visanduku vinne bila maneno, na mwandishi avitie maneno kama alivyofanya Lee kwa picha za Kirby. Mwishowe darasa lijadili ni ipi kati ya hadithi mbili yenye nguvu zaidi, na kwa nini.

Kabla ya penseli kugusa karatasi, wawili hao waandike majina yao yote mawili juu ya ukurasa, kwa ukubwa ule ule, na waonyeshe nani kafanya nini. Wakitofautiana, tofauti hiyo iandikwe pembeni na isifutwe. Ni sehemu ya uhakiki. Mwalimu naye akiibandika kazi ukutani asiongeze wala kupunguza jina.

Hitimisho

Tumeona kwamba mwandishi na mchoraji wanaweza kukutana kwa namna mbalimbali, na kwamba katika bunilizi ya kisayansi mchoraji hulazimika kuumba kile ambacho mwandishi amekitaja tu. Christin na Mézières walilielewa jambo hili mapema, na kazi yao ikadumu. Kwa upande wa Lee na Kirby halikutatuliwa kwa wakati, likaishia mahakamani. Mimi nililielewa mbele ya ubao wenye matundu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Niongeze kuwa chawa akishavunjwa, vidole vyote viwili vitajwe.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti iliyopo baina ya bunilizi ya kisayansi na hekaya. Toa mfano mmoja wa kila moja.

2. “Usiku hauchoreki.” Jadili kauli hii ukirejelea uhusiano wa maneno na picha katika kibonzo.

3. Chagua tukio moja kutoka kwa tamthilia au riwaya unayoisoma. Ligawe katika visanduku sita, kisha ueleze ni tukio gani umeliacha litokee mwanyani na kwa nini.

4. Katika kisa cha ng'ombe wa mwaka 2090, nani mtunzi wa kinaya kilichomo ukurasa wa tatu? Tetea jibu lako.